Dawa ya Mafuta na Shamba la Mama

Mimi si mtu wa kuzilaumu dawa. Niseme hilo kwanza, maana ninayoandika hapa chini yanaweza kumfanya mtu adhani naichukia hospitali. Dada yangu alipata kiharusi akiwa anapepeta mahindi, na mpaka leo mkono wake mmoja haushiki kikombe. Kwa hiyo daktari wa Morogoro mjini aliponiambia damu yangu ina mafuta mengi, akanipa vidonge vya kumeza kila jioni, nilivipokea kwa mikono miwili. Sikuruka hata siku moja.

Baada ya muda miguu ikaanza kunikataa. Haikuwa inauma sana. Ulikuwa uchovu unaoanzia mapajani, kama miguu ni ya kuazima na mwenyewe anaidai. Njia ya kwenda shambani kwangu inapanda wima, sisi wa Uluguru hatujui kuzunguka. Zamani nilipanda na kapu la samadi kichwani huku napiga soga. Sasa nilikuwa sifiki hata mgombani kabla ya kutafuta pa kukaa, na nikishika jembe kidogo tu, mapaja yanatetemeka kama ya mtu aliyetoka homa.

Nikajiuliza sana. Ni dawa, au ni uzee, au ni uvivu uliopata jina zuri? Jirani yangu hakujiuliza.

"Tupa hivyo vidonge, shoga. Ulikuwa mzima, wamekupa ugonjwa."

Sikuvitupa, maana namwona dada yangu kila siku. Lakini nisimwonee jirani: ndiye aliyenipalilia kabichi bila kuombwa.

Shida ilikuwa lile shamba. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na anayeigawa ni mjomba. Ukiilima ni yako mpaka unakufa. Ukiiacha ikalala misimu miwili, anapewa mwingine wa ukoo na hakuna wa kumnunia. Vuli ilikuwa imepita nimelima kipande tu. Masika yalikuwa yanakuja.

Mjomba wetu ni kitinda mimba wa bibi, nimemzidi umri, na mgongoni nilimbeba. Lakini mjomba ni mjomba, shikamoo natoa mimi. Akaja, akasimama juu ya shamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu," akajibu bila hata kutabasamu. "Naona umewajengea nguruwe pori nyumba."

"Ni miguu, mjomba. Nadhani ni ile dawa."

"Dawa ya kuponya ndiyo inakuchosha?"

"Sijui. Nadhani tu."

"Binti wa dada yako ameniomba shamba. Lake limeporomoka na mvua, ana watoto, ana mama mgonjwa. Mvua zikikaribia nikikuta majani hapa, nampa."

Sikuona kosa lake. Ningekuwa mimi ndiye mjomba, ningesema hivyohivyo, na yule binti hakuniibia kitu kwa kuomba. Ila kwenye shamba lile nilijifunza kufukia mbegu nikimfuata mama nyuma ya jembe lake. Sikuwa tayari kulitoa.

Nikarudi hospitali. Daktari ni binti mdogo, mpole.

"Habari za dawa, mama?"

"Nzuri, daktari."

Ndivyo nilivyojibu na safari zilizotangulia. Kwetu habari ni nzuri hata kama paa linaungua. Ubaya unautaja baadaye, mkishakaa. Sasa hospitali haina baadaye. Alikuwa ameshageukia faili la mwingine. Nikainuka, nikafika mlangoni, nikajisikia mjinga, nikarudi.

"Daktari, ile nzuri ilikuwa salamu. Sijakujibu bado."

Akacheka, akavuta kiti. Akauliza kama ni mguu mmoja au yote, kama ilianza kabla ya dawa au baada, kama mkojo umekuwa mweusi. Akanituma kutoa damu wapime misuli. Majibu hayakuwa mabaya. Akasema inawezekana ni dawa. Wapo wanaochoka hivyo, ingawa wengi hawapati shida yoyote.

"Ila usiache mwenyewe kimyakimya, mama. Tunaisimamisha pamoja, tunaangalia, halafu tunaanza nyingine kidogo kidogo. Mafuta bado yapo."

Wiki zilizofuata miguu ikarudi, taratibu, kama mtu aliyenuna. Kweli, siku zile nililala vizuri pia, na jua halikuwa kali. Lakini nilipoanzishiwa dawa nyingine, miguu ilibaki. Nikapanda na jembe. Nikakata majani, nikatengeneza matuta ya ngazi tangu chini mpaka juu, na nilipochoka nilichoka kama mtu aliyelima. Uchovu huo naujua.

Mjomba akaja na yule binti. Wakaangalia matuta.

"Sema mbele yake kwamba ilikuwa dawa," mjomba akaniambia. "Apa kabisa, ukoo usije ukasema nimekupendelea."

"Kuapa siwezi, mjomba. Daktari mwenyewe kasema inawezekana. Mimi niliyesoma darasa la saba niapie nini? Ninachokijua ni kwamba hili limelimwa, na nimelilima mimi."

"Mwanamke mbishi wewe."

"Babu, muache mama mdogo," binti akasema. "Hata mimi ningepewa nisingefika mpaka kule juu. Nitafutie la karibu na mto, nisiwe mbali na mama."

Mjomba akakuna kidevu. Akasema lipo moja kule mtoni, mwenyewe kahamia Ngerengere, atalitazama. Kisha akakanyaga tuta langu la kwanza kwa kisigino, akakanyaga na la pili, anapima kama yatahimili maji. Hayakubomoka.

"Panda," akasema, "mawingu hayo yanakuja."