Kumchagulia Baba Spika

Baba aliwasha redio kabla hajanawa uso, na akishaiwasha mtaa mzima wa Nyasura ulijua kumekucha. Aliifungulia mpaka kitufe kikagoma kuzunguka. Taarifa ya habari ilipita ukutani, ikaingia chumbani kwangu, ikanikuta nimejaza pamba masikioni, na bado nilisikia kila neno. Nikifungua dirisha nipate hewa, sauti inatoka nje na mimi naona aibu kwa majirani. Nikilifunga, nabaki nayo ndani.

Nilikuwa nimekuja Bunda kwa wiki mbili tu. Baba aliteleza bafuni akavunjika mguu. Mama alikuwa ameshafariki, na kaka zangu wawili, mmoja yuko Dar es Salaam na mwingine Arusha, waliamua kwamba mimi ndiye mwenye kazi inayoweza kusubiri. Nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja Mwanza. Kazi haikusubiri. Mguu wa baba uliunga, akaanza kutembea na mkongojo, lakini wiki mbili zikawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Kila nikigusia kuondoka, kaka mkubwa alinijibu kwa upole uleule.

"Sasa si wewe uko hapo? Tuvumilie kidogo."

Alisema "tuvumilie", na aliyekuwa anavumilia ni mmoja.

Zamani baba alikuwa na mashine ya kusaga. Alisimama pembeni ya injini ile sehemu kubwa ya maisha yake, kope zimejaa unga, akipokea mahindi na mtama na makopa ya mihogo ya watu. Nikiwa mdogo nilimpelekea chai kule, na kwa sababu ya kelele hatukuongea. Nilimwonyesha chupa, yeye akanionyesha mahali pa kuiweka. Alipozeeka aliiuza, akaja kukaa sebuleni na redio.

Mambo ya spika yalianzia Butiama. Baba mdogo alifanya sherehe ya kipaimara ya mjukuu wake, akakodi muziki, spika mbili ndefu zikasimamishwa pale uani. Wageni wote walivuta viti wakakaa mbali nazo. Baba alivuta cha kwake akasogea karibu, akasogea tena, mpaka mgongo wake ukaegemea boksi la spika. Akafumba macho. Shangazi mmoja aliniambia, "Mtoe mzee pale, ataumia masikio." Nilimshika bega, akanisukuma mkono.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Zile ndizo spika. Redio yangu mimi imekufa. Inakwaruzaga tu, haisemi kitu."

Niliandika jambo hilo kwenye kundi la familia la WhatsApp kama utani. Kumbe nimejichimbia shimo. Kaka zangu, ambao nikiomba mmoja aje akae na baba hata wiki moja hukaa kimya siku tatu, walijibu palepale. Wa Arusha alituma picha ya sabufa na spika ndogo tano za kuzungushia sebule, eti mzee asikie kama yuko sinema. Wa Dar alisema sabufa ni za watoto, mzee anastahili amplifaya ya maana yenye wati nyingi na spika mbili za kusimama. Walibishana siku nzima. Jioni wakakubaliana kwamba watanunua, na mimi niende nikachague.

"Si wewe uko hapo?"

Nilijiona kama mtu aliyetumwa dukani akanunue kufuli la kujifungia mwenyewe. Ile redio ndogo ilikuwa imenimaliza. Sasa niende kwa miguu yangu kutafuta kitu kikubwa kuliko hicho, nikilete, nikichomeke kwenye umeme. Niliamua moyoni kwamba nitachagua kidogo kabisa kitakachopatikana, na nitawaambia ndicho fundi alichoshauri.

Nilianza na duka moja pale Bunda mjini, nikiwa na baba. Muuzaji alituonyesha spika ndogo nzuri, nyeusi, unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Akaweka wimbo wa kwaya. Sauti ilikuwa safi, unasikia hadi mwimbaji anavyovuta pumzi. Nilifurahi. Baba alisimama mbele yake, ameinamisha kichwa.

"Washa," alisema.

"Imewaka, mzee."

"Washa bwana, tusikie!"

Muuzaji aliniangalia. Mimi nikacheka, nikajua ni ukali wake wa siku zote, anaidharau kwa sababu ni ndogo. Tukaondoka mikono mitupu.

Wiki iliyofuata tulienda Musoma. Kuna fundi mmoja pale mjini, mzee wa Kiislamu mwenye kofia ya kufuma, ambaye anatengeneza maboksi ya spika kwa mbao zake mwenyewe. Karakana yake inanuka gundi na maranda. Aliinuka, akamwamkia baba shikamoo, ingawa sidhani kama wamepishana miaka mingi, akampa kiti. Kisha akanigeukia mimi. Nikaanza kumsomea maelezo ya kaka zangu kutoka kwenye simu: wati ngapi, spika ngapi. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Dada, watu wanakujaga hapa wananiuliza wati tu. Wati peke yake haikusaidii. Ukiipa amplifaya dhaifu spika kubwa, utaifungulia mpaka mwisho, sauti itapasuka, halafu spika itaungua. Ukifanya kinyume, amplifaya nzito na spika nyepesi, unaichana siku ya kwanza. Vitu hivi vinaoanishwa. Kwanza niambie, atakayesikiliza ni nani, na chumba kikoje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nilimweleza sebule yetu ilivyo ndogo, majirani walivyo karibu, na redio ya asubuhi. Nilipofika kwenye pamba za masikioni, nilikatisha nikajifuta macho. Fundi alijifanya anatafuta waya.

Aliunganisha spika moja pana kwenye amplifaya ya saizi ya kati, akaweka muziki wa dansi wa zamani. Baba alifumba macho kama alivyofanya Butiama, kiganja chake kikiwa juu ya boksi, kichwa kikienda na besi. Fundi akamzunguka, akasimama nyuma yake.

"Mzee, mwimbaji anasikika vizuri?"

Baba hakujibu. Fundi akauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Baba aliendelea kutikisa kichwa. Nilitaka kumgusa, fundi akanikataza kwa kidole. Akaenda kwenye amplifaya, akapunguza sauti nyembamba zote, mwimbaji akapotea, ukabaki mngurumo mtupu. Baba hakubadilika hata kidogo. Kisha fundi akageuza: akaondoa besi yote, akamrudisha mwimbaji, akampandisha juu mpaka jirani wa karakana akachungulia.

Baba akafumbua macho.

"Mbona umezima?"

Mwimbaji alikuwa anaimba mita moja kutoka usoni kwake.

Fundi alizima kweli. Karakana ikawa kimya. "Dada," aliniambia taratibu, "mzee wako hasikii kwa masikio. Anasikia kwa mgongo na kwa mikono."

Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Miaka miwili nimelala na pamba, nimeomba radhi majirani, nimepiga kelele nikidhani mzee ni mbishi, na kumbe redio ile nilikuwa naisikiliza mimi peke yangu. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake ili auone mdomo wangu.

"Baba, husikii?"

"Nasikia."

"Toka lini, baba?"

Aliangalia midomo yangu, akamwangalia fundi, akarudi kwangu. "Toka mama yako yuko hai. Yeye alijua. Tulikuwaga tunaongea kwa mikono, kama kule mashineni."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema, mngenikalisha pembeni kama gunia tupu." Akavuta pumzi. "Redio ikiwa inaongea, mgeni anajua mzee anasikiliza habari. Ananisalimia, anapita. Haniulizi kitu."

Nilikumbuka kwamba kila asubuhi, nikimpelekea uji, aliniuliza leo wamesema nini, na jioni alimsimulia mwenye kioski habari zilezile nilizompa. Nilidhani ni mazungumzo ya baba na mwanawe. Kwa miaka yote hiyo na yeye alikuwa amejifungia ndani ya nyumba ileile.

Fundi ndiye aliyechagua, si mimi wala kaka zangu. Alisema spika ndogo za sauti nyembamba tusizinunue kabisa, ni kumsumbulia jirani bure. Alitutengenezea boksi moja la chini, pana, lenye spika moja ya besi, akalifunga kwenye ubao mnene ambao miguu ya kiti cha baba ingekaa juu yake. Amplifaya akatupa ya wastani inayoendana nayo, akanionyesha kitufe cha besi kikae wapi na kile kingine kifungwe kabisa. "Usiifungulie sana," alisema. "Mbao itafanya kazi iliyobaki."

Tulipoifunga pale Nyasura, nyumba haikupiga kelele. Kulikuwa na mtetemo tu, unausikia zaidi kwenye nyayo. Baba aliketi, akashika mikono ya kiti. Uso wake ulilegea, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama nilimwona anacheka peke yake.

"Inasaga," alisema.

Jirani alinisimamisha getini kuuliza kama mzee ameuza redio.

Nilimpeleka hospitali kwa daktari wa masikio. Alituambia mishipa imekufa kwa sehemu kubwa, kifaa cha masikio kitamsaidia kidogo sana. Nikawaandikia kaka zangu ukweli wote. Walinipongeza, wakamwombea baba. Kisha kaka mkubwa akapiga simu.

"Sasa umeona mwenyewe," alisema. "Mtu asiyesikia hawezi kuachwa peke yake. Moto, wezi, chochote. Mungu alijua kwa nini uko hapo."

Nilikuwa nimeifunga njia yangu kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikiwa natenda jema.

Mwezi huohuo, msimamizi wangu wa zamani alinipigia kutoka Mwanza. Kuna nafasi mapokezi, alisema, lakini nijibu ndani ya wiki. Nilisubiri mchana mmoja baba ameshakula samaki wake wa sato na hajawasha muziki. Nikavuta stuli, nikakaa mbele yake, nikaongea polepole.

"Baba, nataka kurudi kazini Mwanza. Tutamtafuta mtu wa kukaa na wewe."

Alinitazama mdomo mpaka nilipomaliza.

"Sijasikia," alisema.

Nilirudia, neno moja moja, na nikamwonyesha kwa mikono: mimi, kule, kazi. Kwa siku zote tangu Musoma alikuwa ananielewa kwa nusu ya maneno hayo. Alitikisa kichwa.

"Sijasikia, mama."

Akajiinamia, akatafuta kitufe cha amplifaya kwa vidole, akakizungusha. Ubao ukaanza kutetema, ukafika hadi kwenye miguu ya stuli yangu. Sikujua kama kweli hakunielewa, na sijui mpaka leo. Wiki ilipita, nafasi ile akapewa mwingine, na niliyoandika hapa nimeyaandikia mezani Nyasura, baba akiwa kwenye kiti chake chumba cha pili.