Mlinzi wa Mafahali wa Miguu Mitano

"Mashetani wote wa London wananigwaya mimi!" Mzee Chaman alijigamba harusini kwa jirani yetu Lila, bajia mkononi. Alikuwa mlinzi wa makumbusho, kwenye mafahali wa mawe wenye mbawa na vichwa vya watu, ambao wafalme wa Ashuru waliwaweka milangoni wazuie pepo. Fundi kawachonga miguu mitano: ukiwakabili wamesimama, ukipita ubavuni wanatembea.

Jumamosi, katika duka la vitu vya kale Edgware Road, mimi naye tuliukuta mlango wa nyumba yao ya Unguja, iliyotaifishwa baada ya mapinduzi. Baba yake aliuchongea mnyororo wa kuzuia mabaya. Pete moja iliyopinda aliichonga Chaman mwenyewe utotoni. Akaipapasa, uso mkavu.

"Mzee, mnyororo wenu ulisinzia," nikamtania.

"Kaulize bei."

Nikarudi na jibu: pauni elfu tatu na mia mbili. Nilimkuta amesimama mbele ya mlango wao, kama fahali wake akilinda.