Mzungu Aliyetuhesabu Kumi na Wawili

Mguu wa kulia wa yule Mjerumani wetu, kwa maneno yake mwenyewe, uliwahi kupasua nyavu tatu kwao katika msimu mmoja. Mimi niliuona ukipiga mpira ukapotea mawinguni. Tukala githeri, tukapumzika, ndipo ukashuka. Vita vilimharibia goti. Timu yake nzima ilikwenda vitani, akarudi peke yake, akawa kocha. Ndivyo alivyotufikia Ruiru, kwenye shamba la kahawa: fundi wa mashine siku za kazi, kocha wetu kila Jumamosi.

Enzi hizo za Hali ya Hatari hukutoka Ruiru kwenda Thika bila barua ya ruhusa. Timu ilikuwa na barua moja: wachezaji kumi na mmoja pamoja na Mzungu wao. Mama yangu alikuwa mgonjwa huko Thika, mwezi wa pili sijamwona. Na mimi ndimi niliyekuwa mgeni timuni.

Jumamosi ya mechi ya Thika ukungu ulikuwa mzito, ungeukata kwa panga ukaujaza guniani. Kocha akatupanga mstari, akaanza kutugusa vifua kimoja kimoja, akihesabu. Sasa, kwetu Wakikuyu watu hawahesabiwi. Ni kuita mabaya. Kila alipofanya hivyo tulitazama chini kama wanaongoja sindano.

"Kumi na mbili," akasema.



"Bwana, acha hayo, tupande lori," golikipa akamsihi.

"Barua nasema kumi na moja! Nani hapana yangu?"

Nani angejibu, na hakuna aliyethubutu kuhesabu? Beki akanigeukia. "Wewe msomi wa masomo ya jioni, si ulituambia huo ni ushamba? Hesabu basi!"

"Hesabu wewe," nikasema. Darasani hesabu nilizijua mpaka mwalimu akaniogopa, lakini mkono ulikataa kuinuka.

Kocha akaninyooshea kidole. "Wewe mpya. Toka."

Nikatoka, nikasimama kando ya mibuni, Thika ikinitoka hivyo hivyo. Akahesabu tena, taratibu. Kule mwisho wa mstari, ndani ya ukungu, kiganja chake kilitulia hewani muda mrefu.

"Bado kumi na mbili," akasema, sauti ndogo, na mimi niko nje. Akautazama mkono wake. "Wewe rudi. Rudi haraka."

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipanda lori, akatupitia na rungu lake. Kumi na mmoja. Sawa, nendeni! Ningemkumbatia yule askari. Lakini kocha alishuka, akageukia barabara ya Ruiru.

"Ngoja kidogo. Moja nabaki nyuma."

"Bwana, tumetimia. Askari mwenyewe amesema."

"Ngoja."

Tukangoja. Jua likapanda. "Bwana," nikamwambia, "mama yangu anaumwa."

Alinitazama kwa upole ambao sijausahau. "Basi ninyi kwenda. Zamani vitani mimi naacha yeye njiani. Leo hapana."

Hatukuuliza yeye ni nani. Lori likaondoka, naye akabaki ameinua mkono usawa wa kifua cha mtu, kiganja wazi.

Mama nilimkuta ameketi, anakunywa uji. Akafurahi mpaka uji ukamwagika, akaniuliza ni nani mwema aliyenileta. Mimi mwenye maneno mengi kuliko redio nikainua mkono usawa wa kifua cha mtu, kiganja wazi.