Mkurugenzi Aliyenunua Fahali kwa Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimeripoti katika ofisi ya biashara ya wilaya, Kajiado, nikiwa na viatu vya visigino nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo. Mkubwa wangu, Afisa wa Biashara wa Wilaya, alivitazama viatu kabla hajanitazama mimi.

"Leo ni siku ya soko la mifugo, Rose," akasema. "Enda usimame huko mpaka jua lishuke. Usiandike kitu. Angalia tu nani anauza nini."

Nilirudi jioni nikichechemea, nikamtajia niliyoyaona: ng'ombe, mbuzi, kondoo, sukari, majani chai, mashuka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na Abdi? Abdi anauza nini?" Nilikuwa nimemwona huyo Abdi, ambaye kila mtu alimwita kwa jina, akizunguka sokoni kutwa nzima bila mnyama hata mmoja wa kwake. Ilinichukua miaka mingi kulipata jibu kwa lugha ambayo serikali ingeielewa.

Abdi alikuwa dalali. Watu wake walitoka kaskazini mashariki na walikuwa na duka la nguo mjini, lakini yeye duka lilimchosha. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati. Mnunuzi kutoka Nairobi au ng'ambo ya mpaka wa Namanga hamjui mzee wa Kimaasai anayeuza, na mzee naye hamjui mnunuzi. Abdi aliwajua wote wawili. Alitazama alama ya moto kwenye ubavu wa ng'ombe akakwambia ametoka boma gani, na ng'ombe huyo akija kugundulika kuwa wa wizi, aliyetafutwa kwanza alikuwa Abdi.

Bei hazikutajwa kwa mdomo. Abdi alikushika mkono, akaufunika kwa shuka lake la begani, na chini ya shuka vidole vikazungumza. Akamaliza kwako, akaenda kwa mwenzako. Mkiafikiana, aliubana mkono wako wote kwa nguvu, nawe ukambana vilevile, basi. Hakuna aliyerudi nyuma baada ya hapo. Nilidhani ni ujanja wa kuficha mambo, mpaka mzee mmoja aliponieleza kwamba mtu aliyebanwa na karo ya shule huuza kwa bei ya chini, na si vizuri soko zima lijue. Tangu siku hiyo nililipenda shuka lile.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia nilihamishiwa makao makuu ya wizara, Nairobi. Nilikuwa nimejenga Kitengela, enzi ambazo baruti za machimbo ya mawe zilitikisa sahani zangu kabatini na nyumbu walipita karibu na choo. Huko makao makuu nikawekwa chini ya Mkurugenzi, bwana mrefu mwenye sauti ya kwaya. Huyo ndiye mkubwa niliyempenda kuliko wote, na sioni haya kulisema. Alisalimia kila mtu kwa mikono miwili: waziri, mfagiaji, hata mwenye mkokoteni aliyeziba lango letu. Tulikuwa tukichelewa mikutano kwa sababu ya salamu zake.

Tulipewa kazi ya kuandika mkakati wa taifa wa biashara ya huduma. Nchi zetu jirani zilikuwa zinajenga soko la pamoja, na kila nchi ilitakiwa kusema itafungua milango gani. "Bidhaa inapita mpakani kwa lori, askari anaiona," Mkurugenzi alitufundisha. "Huduma inapita ikiwa kichwani mwa mtu, na askari anampungia mkono." Nyinyi vijana mnaosomea mambo haya mnafundishwa njia nne za huduma kuvuka mpaka. Sisi tulizielewa kwa mifano ya Kitengela. Mhasibu akifanya hesabu za duka la Arusha na kuzituma kwa mtandao, huduma imevuka yenyewe. Mgonjwa akija kwenye kliniki yetu kutoka ng'ambo, mteja ndiye amevuka. Benki ikifungua tawi kule, kampuni imevuka. Na mwalimu akiajiriwa huko, mtu mwenyewe amevuka na begi lake.

Yaliyokubaliwa yaliandikwa katika kile tulichokiita ratiba ya ahadi. Ratiba hiyo ni nzito kuliko sheria ya kawaida, maana sheria yako unaweza kuibadilisha peke yako, lakini ahadi uliyowapa majirani huifuti bila wao kukubali. Rasimu yetu ilisema huduma za uwakala zitafunguliwa kwa wote, na kila wakala, wa kwetu au wa kwao, awe na kampuni iliyosajiliwa, ofisi na cheti. Mkurugenzi aliipenda ibara hiyo. Ilikuwa safi. Mimi niliisoma nikamwona Abdi akifukuzwa sokoni na askari, yeye na wenzake wote.

Nilimwambia hivyo. Akakuna kidevu. "Basi tukamwone huyo Abdi wako," akasema.

Tulifika Kajiado soko limechangamka. Wazee walinisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya!" nami nikaitikia, "Iko!" kama zamani. Abdi, ndevu sasa zimewekwa hina, alikuwa katikati ya mapatano ya fahali mmoja mkubwa mwekundu. Mnunuzi alikuwa ndiyo kwanza amekataa na kwenda zake. Mwenye fahali alisimama pembeni, na mkono wa Abdi ulikuwa bado umenyooka chini ya shuka, ukingoja mwingine aje.

Kabla sijafungua mdomo, Mkurugenzi alimwona mzee aliyenyoosha mkono. Akaenda moja kwa moja, akaingiza mikono yake yote miwili chini ya shuka, akauliza habari za nyumbani. Abdi akadhani ni tajiri aliyeletwa na mimi. Vidole vyake vikataja bei. Mkurugenzi akaona mzee huyu ana salamu ya kirafiki kweli, akaubana mkono kwa nguvu zake zote.

Mwenye fahali akampiga mnyama wake kofi la kumuaga, akaja akamkabidhi Mkurugenzi fimbo.

"Ya nini hii?" Mkurugenzi akauliza.

"Ya kuchunga," akajibiwa. "Hiyo fahali ni yako."

"Yangu? Mimi nilikuwa nasalimia!"

Soko lilicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini, na mkubwa wangu akaniona. Abdi peke yake hakucheka. "Mkubwa, pole sana," alisema. "Lakini nikisema huyu amekosea, soko ijayo kila mtu atasema amekosea. Hapo kazi yangu imeisha. Wewe simama hapa na ng'ombe yako. Mimi nitakutafutia mtu."

Basi Mkurugenzi wa Biashara alisimama juani na tai shingoni, fimbo mkononi, akilinda fahali wake. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaanza kumsifu mnyama kwa wapita njia, na kusema kweli alikuwa na kipaji. Alasiri Abdi alimleta mchinjaji wa Kitengela ambaye hakutujua wala hakutuuliza majina. Alimtazama Abdi, akaingiza mkono chini ya shuka, akamlipa mwenye fahali, na fahali akaondoka.

"Rose," Mkurugenzi akaniambia akijifuta jasho, "leo nimeuziwa huduma, na niliihitaji kweli, nilivyokuwa nimekwama."

Ni yeye mwenyewe aliyemweleza Abdi habari za rasimu, bila kuificha: kampuni, ofisi, cheti. "Mimi niko na watoto bado wanasoma," Abdi akasema. "Nikifungua ofisi, nitakaa ndani ningoje ng'ombe aingie kwa mlango? Na hizo kampuni kubwa zikikuja, nani atamjua huyu mzee na boma yake?" Kisha akainua shuka, akanyoosha mkono. "Utatuacha tufanye kazi yetu?"

Safari hii Mkurugenzi alijua maana yake. Alinitazama, akautazama mkono, akaingiza wake polepole. Nikaona shuka likikaza.

Tulirudi tukaandika sentensi moja: mawakala wa masoko ya mifugo hawamo katika ibara ile. Katibu Mkuu, ambaye ndiye aliyekuwa juu yetu sote, alituita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na aliogopa nchi kuaibika mbele ya majirani.

"Sentensi hii itoke," akasema. "Tutachekwa. Watu wanapeana bei chini ya nguo?"

"Haiwezi kutoka, bwana," Mkurugenzi akajibu. "Nilishika mkono."

"Ulishika mkono wa nani?"

"Wa dalali, Kajiado."

Nilitamani sakafu inimeze. Katibu Mkuu alimuuliza Mkurugenzi kama anaelewa kwamba ujumbe wa mazungumzo unaweza kuongozwa na mtu mwingine. Mkurugenzi alisema anaelewa. Sentensi ikabaki. Lakini jina lake likaondolewa kwenye msafara wa kwenda kusaini mkataba, kazi aliyoiandaa kwa miaka na kuishonea suti ya kijivu. Akapelekwa kusimamia maktaba ya wizara mpaka alipostaafu. Nililia nilipomsaidia kupanga vitabu vyake. Yeye alikuwa akiwasalimia wahudumu wa maktaba kwa mikono miwili.

Sasa mimi pia nimestaafu. Nakaa Kitengela, ambako mahali walipopita nyumbu pana kinyozi, chuo cha kompyuta na kliniki ya meno, huduma tupu kila upande. Mkiniuliza kazi yetu ilikuwa nini, nitawaambia tulijaribu kuandika kwenye karatasi yale ambayo watu wanaaminiana bila karatasi. Mengi yalitushinda. Sentensi moja najua ilikaa.

Mwaka niliostaafu nilimpigia simu Mkurugenzi, nikamwomba tuende Kajiado kutembea. Alikuja amevaa suti ya kijivu, imemlegea mabegani. Abdi alikuwa pale pale, amezeeka, mwanawe akifanya kazi upande wa pili wa soko. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia Abdi yaliyompata rafiki yetu kwa sababu ya mkono ule. Alipotuona akainua shuka.

Mkurugenzi alitazama kwanza kulia na kushoto kama kuna fahali karibu, ndipo akaingiza mkono. Abdi aliubana, akaushikilia muda mrefu.

"Haya," Mkurugenzi akacheka, "leo nimenunua nini?"

"Hakuna kitu," Abdi akasema, na hakuuachia mkono. "Wewe ulishalipa zamani."