Sindano Haipimi Macho

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikiikumbuka kichwa huniwanga, kwa sababu niliamini nimekasirika kwa haki, kumbe nimekosea kabisa. Kaa kitako nikusimulie, mwanangu, na hiyo simu iweke chini. Habari yenyewe inayahusu macho yako.

Babu yako Bakari, aliponioa nilimkuta na miwani yake. Miaka ya hamsini hiyo, hapa Msambweni, kijana mwenye miwani alikuwa kitu cha kutazamwa, na watu wakimtania kwa kumwita karani ingawa hakuwahi kuketi ofisini hata siku moja. Mbali alikuwa haoni. Bila miwani, mtu aliyesimama mlangoni alikuwa kanzu tu isiyo na uso. Lakini karibu! Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi. Akishona huivua miwani, akaisogeza kofia mpaka inakaribia kugusa pua, na mkono wake haukosei. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa wakimletea sindano awatungie uzi, naye akitunga mara moja. Kwetu sisi hicho ndicho kilikuwa kipimo cha macho, hatukujua kingine. Mtu akitunga uzi, macho yake mazima.

Mwaka wa tatu wa ndoa yetu akaanza mambo nisiyoyaelewa. Nampelekea kahawa, nasimama ubavuni pake na kikombe, hapokei. Nasimama mpaka mkono unachoka. Nikisema, "Bwana, kahawa," anaruka kwa mshtuko, ananiuliza kwa nini nimemnyemelea. Nimnyemelee, mimi na mwili wangu huu! Barazani watu wakimpa mkono kwa pembeni, mkono unabaki hewani. Mzee mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mume wangu amempita njiani bila shikamoo. Siku nyingine Bakari akalipiga teke sinia la wali la wageni, mchana kweupe. Wageni walicheka, mimi nikaenda jikoni kulia.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Mtu huyu anaonaje tundu la sindano, asinione mimi? Mara nikadhani ana mwanamke mwingine moyoni. Mara nikadhani ni jini. Kuna wiki nzima nilidhani ni mimi, labda nimeanza kunuka. Asubuhi namwonea huruma, adhuhuri namchukia, na jibu sina. Nilipomuuliza, alisema macho yake hayana neno, na ili kunithibitishia akachukua sindano akaitunga uzi mbele yangu. Basi, nikasema, hii ni dharau tu. Nikafunga nguo zangu nikarudi kwetu Diani.

Nilikaa kwetu miezi saba. Iweke akilini miezi hiyo, nitairudia.

Aliyenifuata ni somo yangu, Bi Mwanamisi, yule mama aliyenifunda nilipoolewa. Hakunigombeza. Alisema twende tukamsalimu mumeo, basi. Tukamkuta Bakari barazani anashona. Mimi nikaketi mbele yake, Bi Mwanamisi akaketi upande wake wa kushoto. Babu yako akaisikia sauti yake akamwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Kisha Bi Mwanamisi akafungua kijaluba, kile kikopo chake kidogo cha kutilia tambuu, akamnyooshea bila kusema neno. Na kwetu, kuikataa tambuu ya somo wa mkeo ni kumtukana yeye na ukoo mzima wa mkeo. Bakari hakupokea. Alikuwa akinitazama mimi kupitia miwani yake, anatabasamu, furaha yake ya kuniona iko wazi, na kijaluba kiko begani pake. Damu ikanipanda. Nilitaka kusimama niondoke, Bi Mwanamisi akanikazia macho nitulie. Akaanza kukisogeza kijaluba polepole kuja mbele. Kidogo, na kidogo tena. Kilipokaribia kufika mbele ya pua, babu yako akachangamka.

"Ahsante sana, mama. Hujasahau kuwa napenda ya iliki!"

Bi Mwanamisi akanigeukia. "Na mimi amenidharau, mwari wangu?"

Nikakitazama kijaluba, kisha macho ya Bakari.

"Marehemu baba yangu alianza hivi hivi. Mumeo haoni pembeni. Miezi saba umemnunia mtu anayepofuka."

"Naona, mama," akasema Bakari, na sauti yake haikuwa na tabasamu tena. Akaanza kupapasa mkekani kutafuta sindano. "Nipe uzi nikuonyeshe."

"Iache sindano, mwanangu. Sindano iko mbele."

Tulimpeleka hospitali Mombasa. Daktari alimtazama ndani ya macho kwa taa ndogo, akachukua muda mrefu. Akatueleza kwamba maji ya ndani ya jicho yamezidi nguvu, yanaukandamiza mshipa unaopeleka habari kichwani, na mshipa huo ukifa haufufuki. Huanza kufa kwa pembeni, bila maumivu, na katikati huweza kubaki pazima muda mrefu sana. Akasema watu wasioona mbali huandamwa na ugonjwa huu kuliko wengine, na wao wakishavaa miwani hudhani shida yao imekwisha. Siku hizi mnauita presha ya macho. Mimi nilimwelewa aliposema mume wangu anautazama ulimwengu kupitia kitundu kimoja cha kofia. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha.

Nikamuuliza, je, angeletwa miezi saba nyuma? Daktari akasema huenda tungekilinda kilichopotea katika miezi hiyo, labda si chote. Hiyo "labda" ninayo mpaka leo.

Akapewa dawa ya matone, nami nikamtia kila siku kwa mkono wangu. Jicho la kulia lilidumu miaka mingi. Sura ya baba yako aliiona. Yako hakuiona, alikupapasa tu uso, akasema una pua yake. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo nalo sijalielewa.

Sasa wewe. Pua si kitu pekee ulichorithi, na miwani yako inazidi unene kila ukiibadilisha. Juzi nilikwambia ukapimwe presha ya macho ukacheka, ukaichukua sindano yangu ukaitunga uzi mara moja, ukasema, "Bibi, si unaona?" Hukujua umenifanya nini. Na jana nilikunyooshea sahani ya mahamri, ukachelewa kupokea. Labda ulikuwa umezama kwenye simu. Labda. Sijui, ila safari hii sikai miezi saba na kutojua kwangu.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kapimwe wiki hii, usingoje kuumwa, maana ugonjwa huu hauumi. Mwambie daktari kwamba babu yako alipofuka. Usikubali kusomeshwa herufi za ukutani tu ukaambiwa nenda, akutazame ndani ya jicho na akupime pembeni. Akikwambia urudi, rudi, hata kama unaona mpaka ng'ambo ya pili. Na mtu akilalamika kwamba unampita humwoni, usikimbilie kununa wala kuonyesha sindano. Huenda anakupa mapema habari ya kukuokoa macho.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie nuru ya macho yako, ya mbele na ya pembeni, na akupe umri wa kuwaona wajukuu zako kwa macho, si kwa vidole. Amin.

Haya, pokea chai yako. Nimekunyooshea tangu zamani, upande wa kushoto.