Motere ya Pembeni

Enzi zetu, na musinicheke juu bado navaa bleu-blanc, nguo ya masomo, batoto ya avenue yetu hapa Bunia hatukununuliwaka kamyo za kuchezea. Tulizijenga. Waya tulitoa ku seng'enge ya zamani, magurudumu tulikata mu masandale yaliyokufa, na ingine yenye haikukufa bado, mama aliikuta kisha. Volan ilikuwa waya murefu, unatoka ku magurudumu ya mbele mupaka mu mikono yako, na weye unakimbia nyuma ukinguruma mupaka mate inaisha.

Kila samedi, ni kusema Jumamosi, asubuhi, wakati ukungu ulikuwa ungali umelala mu njia, tulifanya konvoi. Tulipakia muchanga, tukaenda "Ariwara", muji wa mbali wenye kamyo za kweli zinaendaka; kwetu maana yake ku kisima na kurudi. Mukubwa wa konvoi alikuwa Dieumerci, mutoto wa jirani. Hakuna kamyo iliingia kama yeye hajaikagua, na miye nililala nikiota ule mustari wa konvoi mu vumbi.

Kamyo za wengine zilikuwa tupu ndani ya pua. Yangu niliitia motere, injini ya mukebe wa tomate. Niliufunga upande wa kuume, sawa vile niliona mu kamyo ya papa, maana papa alikuwa shofere. Dieumerci akaizunguka pole pole, akakohoa kama muzee.

"Petit, kadogo weye, motere ni kama pua. Weye pua yako iko ku sikio? Weka katikati, ao baki na bibi yako."

Nikaiweka katikati. Ikapendeza kabisa, akaniingiza mu konvoi. Ku kona ya kwanza waya ya volan ikagonga mukebe, ikakatala kuzunguka, kamyo ikaingia yote mu muhogo yenye Mama Anyesi wa pale kona alianika. Dieumerci akanifukuza mu konvoi.

Nikamulilia papa. Akacheka mupaka akashika ukuta. Kisha akaeleza kama kamyo zingine wanasogezaka motere kidogo pembeni, juu chuma ya volan ipate njia.

"Na miguu ya shofere, mwanangu, ungeiweka wapi? Ku tumbo ya motere?"

Samedi iliyofuata nilirudisha mukebe pembeni, nikafuata konvoi kwa mbali, kama mbwa yenye haijaitwa. Ku ile kona kamyo yangu ikazunguka laini, kama inageuka mu usingizi. Dieumerci akasimama. Akaangalia mukebe, akaangalia waya.

"Petit, pita mbele."

Leo mudogo wangu anaendesha kamyo kwa kidole mu telefone. Niliuliza motere yake iko upande gani, akaniangalia kama mutu wa zamani za ukoloni wa Babeleji. Hana vumbi, hana muhogo ya mutu. Akifika mwisho, telefone inamwambia ameshinda. Miye niliambiwa na Dieumerci, na akanipisha njia.