Nta Kwenye Rimu za Harusi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa gereji moja pale Kanyenye alininyang'anya bisibisi. Nilikuwa tayari kuitumia kukwangua rangi kwenye rimu ya gurudumu, ile ya aloi. "Hiyo si sufuria iliyoungua, kijana," alisema. "Aloi ni laini. Ukishaichubua, hata mimi siwezi kukuokoa."

Akanionyesha. Unavaa glavu, unakaa nje penye upepo, unapaka dawa ya kubandulia rangi na kusubiri. Rangi inavimba kama chapati, kisha unaiondoa kwa kibao cha mti. Unaosha, unapiga msasa wa maji, wa chembe kubwa kwanza na laini mwisho, halafu unang'arisha kwa kitambaa mpaka uyaone meno yako. Mwisho kabisa ni vanishi, rimu isije ikafifia. Niliipenda kazi hiyo tangu asubuhi ile, na sijaichoka.

Msimamizi alikuwa mkali, lakini nilipotaka kuoa aliniazima gari lake. Nikabandua rangi nyeusi kwenye rimu zote, nikazing'arisha. Vanishi ilikuwa imeadimika mjini. "Paka nta," aliniambia bila wasiwasi. "Tabora hii ya asali tukose cha kupaka?" Nikapaka nta ya nyuki, tukaenda Kwihara kumchukua bibi harusi, Yustina.

Jua na joto la breki viliilainisha ile nta, ikazoa vumbi lote la njiani. Tulifika na magurudumu mekundu. Shangazi yake akaziba mlango, vigelegele vikakatika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mkwe. Eti wewe ndiye fundi wa kung'arisha? Mwali wetu hapandi gari chafu. Padri akiondoka, shauri yako."

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na padri kweli alikuwa na safari. Niliogopa jamani! Nikavua koti, nikaomba mafuta ya taa na matambara, nikapiga magoti. Nta haitoki upesi. Nilikuwa bado kwenye magurudumu ya mbele nilipoona gauni jeupe likichuchumaa nyuma ya gari.

"Wewe malizia huko, mimi huku," alisema Yustina. "Tutachelewa."

Shangazi akaachia mlango. Tuliingia kanisani tukinuka mafuta ya taa, tukafunga ndoa.

Sasa nimestaafu, nafanyia kazi uani kwangu, rimu moja moja, sikimbizwi na mtu. Nyie vijana mnaokuja kujifunza, vanishi msiibanie. Leo asubuhi mgongo ulinigomea katikati ya kazi, nikakaa tu nikiitazama rimu. Nikasikia kigoda kikiburutwa.

"Wewe malizia huko," alisema Yustina, kitambaa mkononi. "Mimi huku."